Salamu za Mama Mdogo kwa Mashine

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, mama mdogo huingia sebuleni kutazama kisanduku cha intaneti juu ya kabati. Taa ikiwa nyekundu huguna tu, kisha huketi kwenye kiti cha cherehani na kuwaandikia watu wa kampuni kwa simu.

Anashona mapazia. Miaka mingi alifanya kazi karakanani, akisimama kwenye meza ya kukatia mpaka miguu inavimba, hadi alipoamua kushonea nyumbani. Mimi ndiye niliyemtengenezea ukurasa wa mtandaoni: mteja anaandika upana wa dirisha, anachagua kitambaa, halafu anapigiwa video aone jora lenyewe. Wateja wakaanza kuja. Mwenye nyumba moja ya wageni akataka mapazia ya vyumba vyote, ila aonyeshwe kwanza vitambaa. Kazi ile ikipatikana, mama mdogo aliniambia, karakana ataisahau kabisa.

Ndipo intaneti ikakatika. Kwa bando la simu maandishi yalipita, lakini video ilikwama kila mara, sura yake ikiganda mdomo wazi.

Kampuni ilikuwa imeweka msaidizi mpya, mashine inayojibu ujumbe. Siku ya kwanza mama mdogo aliieleza shida yake. Asubuhi iliyofuata, nikiwa nimejikunja na kitabu kwenye kochi, nilimsikia akitamka anachokiandika:

"Habari za asubuhi. Poleni na kazi. Mmeamkaje huko?"

Mumewe alicheka huku akifunga kamba za viatu. "Iulize na watoto wake hawajambo."

"Wewe nenda kazini. Huwezi kumvaa mtu na shida zako asubuhi asubuhi bila hata salamu."

"Mtu yuko wapi hapo?"

Mashine ikajibu: ombi lako limepokelewa, tafadhali subiri fundi. Akasubiri. Kesho yake akasalimia tena, akajibiwa vilevile. Mwenye nyumba ya wageni alipiga, akaombwa avumilie. Akapiga tena, akaombwa tena. Wateja wadogo wadogo wakapotea mmoja mmoja. Mama mdogo akaanza kusinzia mchana, kichwa kimeegemea cherehani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Mwishowe nikajikaza, mimi ambaye hata kuagiza chai hotelini naona haya, nikapiga simu ya kampuni. Baada ya muziki mrefu akapokea dada mmoja mwenye sauti ya usingizi. Nikamtajia namba ya mama mdogo, nikaongeza sauti tusikie wote.

"Mama, naona kila asubuhi unafungua ombi jipya," alisema. "Likifunguliwa jipya, la zamani linafutika. Unarudi mwisho wa foleni."

"Sijafungua kitu, mwanangu. Huwa nasalimia tu."

"Mfumo haujui salamu, mama. Kila ujumbe ni ombi."

"Kwa hiyo najirudisha nyuma mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Pole sana. Usiandike chochote, fundi atakuja."

Hakuandika. Fundi akaja, akabadilisha waya uliokuwa umeoza nje ya ukuta, akaondoka hata maji ya kunywa hayajamfikia. Taa ikawa ya kijani. Mama mdogo akavaa gauni zuri, akatundika vitambaa dirishani, akampigia mwenye nyumba ya wageni. Picha ilikuwa safi mno. Nyuma ya yule bwana tuliyaona mapazia mapya ya buluu, yameshaning'inizwa.

"Nilikusubiri, mama," alisema. "Lakini wageni nao hawawezi kulala dirisha wazi."

"Haina neno, baba. Yamekaa vizuri."

Simu ilipokatika alianza kukunja vitambaa, nami nikashika upande wa pili. Nikamuuliza:

"Sasa utarudi karakanani?"

"Jumatatu," alisema. "Meza ya kukatia haina mtu. Shika juu kidogo, unaburuza."