Jumapili Delphine Alipotaja Chuo cha Kaunti

Binti yangu Delphine hakukataliwa na chuo kikuu chochote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, tena na watu waliokula keki yangu. Alikubaliwa kule kule alikosoma baba yake, na babu yake, na wazee wa kabla yao, na mimi mwenyewe, na karo yake ilikuwa tayari tangu hajaota meno ya mbele. Marehemu mume wangu hakutuacha maskini. Msichana hakuwa na mimba. Na mimi sikusimama kanisani nikaudanganya ushirika mzima. Nitaeleza ilivyokuwa, mara moja tu, ili anayependa kuisimulia aisimulie sawasawa.

Mume wangu, Daktari Wendell Pettiford, alitibu meno ya watu wa mji huu kwa zaidi ya miaka thelathini. Delphine ni mtoto wetu wa pekee. Alikuja tulipokuwa tumeshaacha kumtarajia, akakulia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya baba yake, penye rafu za mataya ya plasta, nakala za vinywa vya wagonjwa wake. Watoto wengine walikuwa na wanasesere, wangu alikuwa na mataya. Aliyapanga mezani, akayamiminia chai, akayagombeza yakikaa vibaya. Siku moja, hata shule hajaanza, mzee mmoja wa kanisa alikuja kutusalimu. Delphine alimtazama anavyocheka, akatoka mbio, akarudi na taya mkononi.

"Wewe ni huyu!" akamwambia kwa furaha.

Baba yake alimpeleka kando, akamweleza kwamba kinywa cha mtu ni siri ya mtu. Hakurudia tena. Hadi leo anayajua meno ya nusu ya kanisa letu na hajawahi kutamka neno, jambo ambalo siwezi kulisema kwa kila anayevaa glavu nyeupe na kusimama mlangoni kupokea wageni.

Alichonga meno kwa mshumaa, kwa viazi, kwa sabuni. Nilikuwa nikiingia bafuni nakuta kipande cha sabuni kimegeuka gego. Alipokuwa mkubwa kidogo, Wendell alimwachia kupaka rangi meno ya bandia aliyoyatengeneza mwenyewe kliniki, na hapo ndipo tulipompoteza kabisa. Alitufundisha, sisi wazazi wake, kwamba hakuna jino jeupe. Lina manjano penye fizi, kijivu katikati, na ubuluu kidogo kwenye ncha. Mezani alikuwa anaacha kula anatutazama.

"Mama, chonge lako la kushoto lina rangi ya siagi."

"Kula, Delphine."

"Ni rangi nzuri lakini. Ngumu kuipata."

Wendell alicheka mpaka akaweka uma chini. Alikuwa akimwambia kwamba kiti chake kliniki kinamsubiri, kwamba atakwenda chuo chetu, kisha asomee udaktari wa meno, kisha arudi. Delphine hakukubali wala hakukataa. Wendell alifariki ghafla, majani yakiwa yanaanza kupukutika, karibu miaka miwili kabla binti yake hajamaliza sekondari.

Aprili, baada ya baridi ya pili bila yeye, nilikuwa jikoni naosha mboga za Jumapili. Delphine akaingia akaegemea friji.

"Mama, una dakika?"

"Nina mboga. Sema."

"Sitaki kwenda kule."

"Kule wapi?"

"Unajua wapi. Nataka kwenda chuo cha kaunti. Wana kozi ya ufundi wa meno ya bandia. Miaka miwili."

Nilifunga maji. "Kile kinachotazamana na duka la matairi?"

"Hicho hicho."

"Delphine, wewe ni Pettiford."

"Kwani akina Pettiford hawaruhusiwi kupita karibu na matairi?"

"Usinichezee. Baba yako alitaka uwe daktari."

"Najua. Lakini madaktari wanashughulika na vinywa, Mama. Vinywa vinalia, vinauma, vinasimulia habari za wajukuu. Mimi sitaki vinywa. Nataka meno."

Nilimuuliza lile lililokuwa linanikaba. Nilimuuliza kama anabaki kwa ajili yangu, kwa sababu nyumba imekuwa kubwa na mimi niko peke yangu. Sikumlea mtoto aje kuwa mkongojo.

"Mama," akasema, "nakupenda sana. Lakini kama ni kukaa na wewe tu, ningekimbilia chuo kikuu nikapumzike."

Nilimwambia achunge mdomo wake. Aliuchunga, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na mimi nikarudi kwenye mboga zangu nikiwa nimetua mzigo ambao yeye hakuuona.

Nimefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo sikubali kitu kwa kuambiwa. Jumatatu nilivaa kofia nikaenda kukiona chuo chenyewe. Nilikuta chumba kirefu chenye taa juu ya kila meza, na watu wameinama, vijana kwa mabibi, kila mmoja na jino lake. Nilisimama mlangoni muda mzuri. Hakuna aliyeinua kichwa kunitazama, na mimi ni mwanamke anayetazamwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Delphine sawa.

Wifi yangu Eudora, dada wa marehemu, alipopata habari alikuja bila kupiga simu.

"Rosalind, kaka yangu anageuka kaburini."

"Wendell alilala chali maisha yake yote, Eudora. Hageuki."

"Vizazi vinne! Vizazi vinne tumepita pale, halafu huyu anakwenda kusoma kando ya matairi. Na Jumapili ya Wahitimu imefika. Atasimama mbele ya watu aseme nini?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na lilininyima usingizi kuliko yale mengine. Kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza ya Juni, kila aliyemaliza sekondari husimama mbele akataja jina lake, wazazi wake, na chuo anachokwenda. Akishataja tu, waliosoma chuo hicho huinuka vitini na kumpigia mwito wa chuo. Kila chuo kina wake. Wetu una mwitaji na waitikiaji, na ukishaujua huwezi kujizuia kuuitikia. Nimeusikia sokoni, nimeusikia hospitalini. Mtu aliutoa siku tunamzika Wendell, na watu wenye leso machoni wakaitikia pale pale kando ya jeneza. Ndivyo tunavyomwambia mtoto kwamba ana watu.

Chuo cha kaunti hakina mwito. Watu wake wamo kanisani tele, ila hakuna aliyewahi kuwafundisha kelele.

"Mwambie aseme tu anakwenda chuoni," Eudora akashauri. "Chuo ni chuo."

Nilimfikishia binti yangu ushauri huo.

"Mama, unaniambia nidanganye kanisani?"

"Nakuambia ufupishe."

"Siwezi. Wakinyamaza, wanyamaze. Nitakuwa nimesema."

Alilisema kwa ujasiri, lakini mama anajua. Asubuhi ya Jumapili ya Wahitimu hakunywa hata chai.

Walisimama saba mbele. Wa kwanza alitaja chuo cha mji mkuu, kanisa likalipuka. Wa pili, likalipuka. Kijana anayekwenda jeshini alipata ngurumo kutoka safu ya nyuma iliyotikisa madirisha. Kisha kipaza sauti kikafika kwa wangu, katika gauni la buluu nililomshonea mwenyewe.

"Mimi ni Delphine Aurelia Pettiford, binti wa Rosalind Pettiford na marehemu Daktari Wendell Pettiford. Nakwenda chuo cha kaunti, kujifunza kutengeneza meno."

Hakuna aliyeinuka. Vipepeo vya mkono vilisimama. Dada Ozella Meachum, mkuu wa wapokea wageni, akatoa ule mguno wake wa puani ambao kanisa zima linaujua maana yake. Mchungaji Gaither alifungua mdomo amwokoe kwa kusema amina. Delphine alikuwa amesimama kidevu juu, kama alivyofundishwa na baba yake, lakini nilimwona anasugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, vile anavyofanya akiwa na nta na nta haikubali.

Sisi akina Pettiford hatupigi kelele kanisani. Benchi letu linajulikana kwa hilo. Niliinuka na kofia yangu, nikavuta pumzi, nikautoa mwito wetu kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kunyamazisha maabara nzima:

"Nani aliwasha taa?"

Nao wakaitikia! Goti likigongwa mguu unaruka wenyewe. Mashemasi, kwaya, mabibi wenye mikongojo:

"Mama zetu!"

"Nani atazizima?"

"Hakuna!"

Sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya Eudora, mkono juu, machozi tayari. Kisha kila mtu akamtazama mwenzake, akagundua ameitikia nini, na kwa ajili ya nani. Eudora aliushusha mkono wake polepole kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mlangoni mwa jiko la kanisa mwanamke mmoja mwenye aproni akapaza sauti, "Na mimi nilisoma kile cha kaunti!" na hapo ndipo Delphine alipocheka, meno yote nje, mbele ya Mungu na watu. Mchungaji alilazimika kuinamia madhabahu kuficha kicheko.

Wakati wa chakula Dada Ozella alinifuata hadi kwenye sinia la kuku.

"Dada Rosalind, ule si mwito wa chuo chake."

"Ni wangu. Nimempa."

"Mm. Wageni watadhani mtoto anakwenda kule. Huko si kudanganya?"

"Mtoto ametaja chuo chake mwenyewe, kwenye kipaza sauti, na wewe uliguna. Kwa hiyo ulisikia."

"Mimi nasema tu."

"Umeshasema. Kata keki, Dada Ozella, ile ya limau. Imetoka vizuri leo."

Alikata vipande viwili. Kufika Jumatano, stori ilikuwa imezunguka mji kwamba mjane wa Daktari Pettiford alimzulia binti yake chuo kikuu kanisani, na kufika Ijumaa akili yangu ilikuwa imepotea pia. Akili yangu ninayo. Nilijua ninaita nini na ninamwitia nani.

Delphine yuko mwaka wa pili sasa. Anarudi jioni na vumbi la kauri kwenye nyusi, anakula, ananieleza habari za rangi ya kijivu. Eudora humpelekea chakula chuoni na kulalamika kuhusu maegesho.

Bado watu wananisimamisha kuuliza kama baada ya hapa ataendelea hadi chuo kikuu, na kile kiti cha Wendell kitakaliwa na nani. Hayo ni ya nyumbani kwangu. Sijayajibu dukani, sijayajibu kanisani, na hapa pia siyajibu. Nimemaliza.