Mzabibu wa Kota

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpwapwa, sikukamata mwizi. Nilifagia. Mkuu wa kituo, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, alinitazama viatu kabla ya uso, akasema askari huanza na ufagio. Kisha akanipangia lindo, yaani kusimama na silaha mahali pamoja mpaka mwenzako aje kukupokea, mvua inyeshe isinyeshe. Ninyi vijana mna simu za kuwachangamsha. Sisi tulitazama kunguru.

Kota niliyopewa ilikuwa chumba kimoja na nusu ya sebule. Nusu nyingine ilikuwa ya koplo mmoja mwenye watoto wengi, pazia katikati. Mke wangu, Mama Zaina, alifika na sanduku lake la vyombo, akauliza sebule yetu ni ipi. Nikamwonyesha upande wetu wa pazia. Alicheka, tukaanza maisha. Mkigombana, asubuhi mnasuluhishwa na watu ambao hamkuwaita. Lakini binti yetu Zaina alipougua nami niko doria, mke wa koplo ndiye aliyembeba mpaka hospitali, kwa hiyo lile pazia silitukani.

Uani tulikuta mapapai yameiva. Koplo akatueleza desturi ya kota: anayehama hang'oi alichopanda, na anayekuja hula alichokikuta. Basi tukala, wala hatukuona haya.

Tabu ikaja ilipofika zamu yetu ya kuacha. Mama Zaina alipanda mihogo Mpwapwa, tukahamishiwa Mtera. Mtera akapanda mipera. Ilipoanza kuchanua, ukaja ujumbe wa redio: Dodoma mjini, niripoti mara moja. Uhamisho haukuulizi kama una mgonjwa ndani au mtoto wa darasa la saba anayekaribia mtihani. Mama Zaina alikunja magodoro, ila nilimwona akiigusa ile mipera, mmoja mmoja.

Dodoma akapanda mzabibu kando ya jiko. Aliumwagilia maji ya kuoshea mboga, akaujengea chanja, akaupogoa kama jirani alivyomfundisha. Safari hii aliniambia waziwazi, "Baba Zaina, nimechoka kuwapandia watu. Hizi nitazila mimi."

Nikamwahidi. Ahadi ya askari, jamani!

Vichala vya kwanza vilikuwa bado vichachu nilipopangiwa Kongwa. Nilikwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, mama mrefu mwenye sauti ya upole, nikaomba anivutie muda kidogo. Nikamweleza habari ya zabibu, nikijua ataniona mpuuzi. Hakucheka.

"Sajini," akasema, "mimi mwanangu nilimwacha kwa bibi yake angali ananyonya, kwa uhamisho huu huu. Kongwa hawana mtu. Nenda."

Niliporudi nyumbani, familia mpya ilikuwa inashusha vitanda uani. Mama Zaina amesimama mbele ya mzabibu, panga mkononi. Nilijua anaung'oa. Mke wa yule askari mgeni, binti mwenye mimba kubwa, akamwamkia shikamoo, akauliza kwa woga kama zabibu zile huliwa zikiwa bado za kijani.

Mama Zaina alimtazama lile tumbo. Kisha akakata vijiti vichache tu vya mbegu, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akamweka binti kitako na kumweleza namna ya kupogoa na wakati wa kuchuma. Ndani ya gari alilia njia nzima.

Kongwa vile vijiti hatukuvipanda kota. Tulivipanda kwenye kiwanja chetu wenyewe tulichonunua huko, kabla hata ya kuchimba msingi.

Leo watu wakiniuliza askari anataka nini, wanangoja niseme mshahara na magari. Hivyo navyo vinatakiwa, nani asiyevitaka? Lakini mpeni nyumba yenye mlango wake peke yake, na mkimhamisha mwambieni mapema, mkewe avune. Mtu aliyelala vizuri kwake hasemi ovyo na raia kaunta. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na kwa ulimi wangu mwenyewe.

Mizabibu ilizaa vizuri mwaka niliorudisha sare. Mama Zaina alichuma kichala cha kwanza, akakaa nacho mkononi bila kukila, macho barabarani kwa mazoea.

"Nani anahamia hapa baada yetu?" akauliza.

"Hakuna," nikamwambia. "Kula, mke wangu."