Jodari wa Salim

Enzi zetu mtaani Hamriya, Idi ilikuwa haijawa Idi mpaka Bibi akupake hina viganjani. Mwaka mmoja niliubandika mkono wangu wenye hina mbichi kwenye ukuta wa jirani, mweupe, umepakwa chokaa juzi tu. Bibi hakuuliza nani. Alikitazama pale ukutani kile kidole changu kilichopinda, akanishika sikio. "Mkono wako huu, Mudi wee!" Halua ya Idi ile niliila nikilia.

Nimeanza na hina kwa sababu naona haya kuanza na samaki.

Ami Rashid, ndugu yake baba, alifanya kazi melini akafika mpaka bahari ya Hawaii, wakivua jodari. Huko alijifunza kwamba samaki mkubwa haliwi kabla hajachapwa. Unamsugua kwa chumvi, unamkausha, unampaka wino mweusi, unamfunika kitambaa cha bafta na kumpapasa taratibu. Ukikiinua, samaki mzima yumo kitambaani, mapezi na mkia. Halafu unamwosha, anakwenda jikoni. Wa kwake wa Hawaii alimtundika majlisi, chumba cha wageni, nasi tukimtazama kuliko televisheni.

Ijumaa moja, miaka ya tisini hiyo, alitupeleka Yiti kuvua, mie na Salim, mtoto wa jirani, tuliyekuwa tukila naye sinia moja tangu hatujaota meno. Ami alibaki pwani akipiga soga, sie tukatoka na mwenye boti. Mshipi wa Salim ukaleta jodari wa kunifika kiunoni. Mie nikapata kijodari.

"Huyo wako mrudishe kwa mamake," Salim alisema, "bado ananyonya." Nilicheka kwa meno tu.

Tulipofika pwani Ami akainua mkono. "Msiniambie nani kavua yupi! Melini kwetu, anayejitapa kabla ya samaki kuchapwa hapandi tena chomboni. Andikeni majina kitambaani, mkubwa namtundika pembeni ya wangu." Salim, maskini, akafunga mdomo kweli. Tukachapa. Alipokwenda kuosha wino mikononi, nilibaki na kalamu. Shule mie sikufika mbali, lakini jina langu nilijua kuliandika. Nikaliandika kwenye kitambaa cha jodari wake, kabla yeye hajaandika lake.

Vijana wa leo nawacheka. Wananunua samaki sokoni Matrah, wanapiga naye picha, wanasema wamevua. Wao picha zao huzifuta kwa kidole. Yangu ilikaa ukutani mpaka Ami akafa, na kila mgeni aliyenisifu, niliitikia.

Siku ile ya Yiti, jodari keshapikwa, tumekaa kula nyumbani, Ami akakifunua kitambaa na kulisoma jina langu kwa sauti. Salim akaliacha tonge.

"Ami, wallahi yule wangu."

"Mwanangu, jina limeandikwa."

Salim akanigeukia. "Sema wewe, Mudi."

Nikaramba vidole. "Si umesikia jina?"

Salim aliinuka. Alinawa, akamwambia Bibi ahsante, akavaa ndara zake, akatoka. Bibi akaufunika upande wake wa wali kwa kawa, akidhani atarudi. Hakurudi tena kwenye sinia letu.