Fahali Aliyechinjwa Kabla ya Swala

Ule ukame wa miaka ya mwanzo ya uhuru, kanisa letu la Nanyuki lilipika kila mchana kwa yeyote mwenye njaa, na mkubwa wa jikoni nilikuwa mimi. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kuulizana dini. Niliringa nayo kama bibi harusi.

Ijumaa moja unga ulikuwa umetuishia tangu juzi. Mfanyabiashara wa ng'ombe, Mwislamu aliyekuwa akinywa uji wetu pamoja na wanawe wanne, akatuletea fahali. Ng'ombe wengine wote walikuwa wamemfia njiani akitoka kaskazini.

"Mama, hii ndiyo ya mwisho," aliniambia. "Tukule sisi wote. Lakini mngoje nitoke msikiti, nikuje na mtu wa kuchinja."

Nikamwambia aende tu, asiwe na wasiwasi.

Kufikia saa saba watu walikuwa wamebomoa ua. Mwanamke mmoja alikanyagwa hadi mkono ukavunjika, na wanaume wawili walipasuana kwa mawe wakigombania foleni. Hasira zikanipanda, nikawafokea vijana wa kanisa: "Chinjeni! Ati tunangoja nini? Nyama ni nyama!"

Wakampiga fahali shoka la kichwa. Hakufa. Alikimbia akipindua masufuria, akambamiza kijana mmoja ukutani, mpaka wakamkata miguu ya nyuma kwa panga ndipo wakammaliza. Damu tukaikinga kwa beseni, kama tulivyozoea nyumbani, tukaanza kuijaza kwenye matumbo tupike mutura.

Mwenyewe aliporudi na mchinjaji wake, alinikuta mikono imejaa damu hadi viwikoni. Alinichapa fimbo ya uso, nikaanguka, jino likatoka. Vijana wetu walimrukia kwa mateke na vipande vya kuni mpaka akanyamaza. Sikuwazuia. Mungu anisamehe, niliona raha.

Alipoinuka, sikio lake lilikuwa limechanika.

"Sasa watoto yangu watakula nini leo?" aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Akaanza kuwakusanya wanawe katikati ya watu waliokuwa wakitafuna nyama ya kwanza kutoka motoni. Mdogo wao alikuwa tayari na mfupa mkononi, sijui nani alimpa. Baba akaupokonya, akauweka kwenye kiganja changu. Mtoto hakumlilia baba yake. Aliniangalia mimi.