Hewa Iliyoingia Baiskeli ya Ekisa

Mwaka wa tisini na nane, Methuselah Ekisa alikuwa mtu wa boda boda pekee pale Malaba ambaye baiskeli yake ilikuwa na breki za mafuta, kama lori. Alipewa na Mzungu mmoja aliyekuwa akiiendesha kutoka Kampala kwenda Mombasa. Malaria ilimwangusha Mzungu huyo karibu na stendi, Ekisa akambeba hadi hospitali na kumpelekea chai siku sita. Alipopona, Mzungu alisema hataki kuona baiskeli tena maishani, akapanda basi. Ekisa akafunga karia ya abiria nyuma na mto wa sponji, akaanza kazi.

Mwanzoni breki zile zilimpa sifa mbaya. Alipozigusa kwa kidole tu, baiskeli ilisimama papo hapo na abiria akaendelea na safari. Mama mmoja muuza omena alitua mbele ya gurudumu akiwa ameketi wima, karai lake mapajani. Tangu hapo wateja walimuuliza kwanza kama hii ndiyo ile ya kusimama.

Kisha breki zikageuka. Siku moja Ekisa alikuwa akiteremka kuelekea mpakani, nyuma amembeba mwalimu mstaafu aliyekuwa anaenda kunyolewa. Alibana mkono wa breki hadi ukagusa usukani, na mwendo haukupungua hata kidogo. Walimpita kinyozi. Walipita kizuizi, wakapita daraja, mwalimu akiwasalimia askari wa pande zote mbili kwa heshima, wakasimama ndani ya Uganda kwenye rundo la magunia ya makaa. Iliwachukua mchana kutwa kueleza kwamba hawakuwa wamesafiri. Kwenye karatasi, mahali pa sababu ya safari, mwalimu aliandika kwa mwandiko mzuri: breki.

Okumu, fundi wa malori, aliikagua baiskeli akasema hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta. Mafuta hayabanwi, alieleza, lakini hewa hubanwa, ndiyo maana mkono unalegea. Dawa yake ni kusukuma mafuta mapya kwa sindano kutoka chini, hadi mapovu yote yatokee juu. Ila mafuta ya breki za lori yangekula mipira ya ndani. Akasoma maandishi madogo ya Kiingereza kwenye mkono wa breki, yaliyotaka mafuta ya madini, akafikiri.

"Mafuta ya aina hii huku kwetu utapata kliniki," akasema. "Ndiyo mtu hupewa choo ikikataa."

Kliniki ilikuwa ya Sista Euphrasia, nyuma ya soko. Hapo sindano wala dawa haikutoka bila kadi. Sista alichukua kalamu, akauliza jina la mgonjwa.

"Ni baiskeli, sista."

Sista Euphrasia alikuwa ametibu watoto walioitwa Disemba na Landirova, kwa hivyo hakushtuka. Aliandika: Baiskeli Ekisa. Aliuliza umri, Ekisa akasema kama miaka miwili. Aliuliza shida, akaambiwa ni hewa imejaa ndani. Sista alitikisa kichwa kwa huruma, akampa chupa ya mafuta na sindano, akaonya mgonjwa asipewe maharagwe kwa siku tatu. Ekisa aliahidi.

Nyumbani aliitundika baiskeli kwenye boriti, akatoa gurudumu na vipande vya breki visilowe mafuta, akaweka kijiti katikati mahali pao. Mkewe, Asio, alipanda kwenye kiti kuangalia kikombe kidogo cha mafuta kwenye mkono wa breki. Ekisa akasukuma sindano taratibu.

"Imetoka moja," Asio akasema. "Imetoka ingine."

Sasa, kwenye foleni ya kliniki alikuwapo Mama Jacinter, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Ekisa na Asio walikuwa na miaka kumi na mmoja katika ndoa bila mtoto, na watu walishaacha kuuliza. Kwa yale aliyosikia, Jacinter alielewa kwamba wamechukua mtoto wa ndugu kimyakimya, na kwamba mtoto yuko hali mbaya. Kabla povu la kumi halijatoka, akina mama wanane walikuwa mlangoni na uji.

"Tumekuja kuona mtoto," Jacinter akasema.

Ekisa, mikono imejaa mafuta, aliwaonyesha boriti. Walitazama mpira uliotoka kwenye sindano, wakamtazama Asio juu ya kiti. Hakuna aliyecheka. Jacinter aliuliza kama hewa imetoka yote, akajibiwa imebaki kidogo. Basi wakaketi. Walikuwa wametoka makwao kuona mgonjwa, na huyu ndiye aliyekuwapo. Mmoja alianzisha wimbo kwa sauti ya chini, na Asio akaendelea kuhesabu katikati ya beti.

Baada ya povu la ishirini na tatu halikutokea lingine. Ekisa alifunga skrubu, akarudisha vipande na gurudumu, akabana. Mkono ulikuwa mgumu kama jiwe. Jacinter akaomba kwa ufupi, akishukuru kwa uponyaji bila kutaja ni wa nani, kisha wakanywa uji wote.

Wakati wa kuaga, Jacinter alitoa mfukoni sweta ndogo ya buluu, akasimama nayo asijue la kufanya.

"Hii wacha nirudi nayo," akasema.

"Iache tu, mama," Asio akajibu.

Aliipokea, akaikunja, akaingia nayo chumbani. Ekisa alichukua kitambaa kikavu akaanza kufuta mafuta ya vidole vyake kwenye sahani ya breki, pale gurudumuni. Ilipokuwa safi aliendelea kufuta, hadi aliposikia kifuniko cha sanduku kikifungwa.