Pikapu ya Fundi wa Majeneza

Pikapu tuliyoinunua ilikuwa imebeba maiti wa Busia kwa miaka mingi kuliko ile niliyokaa shuleni. Mwenyewe alikuwa fundi wa majeneza karibu na hospitali. Mtu akifiwa, alinunua jeneza kwake na kupata na gari la kumpeleka marehemu nyumbani, iwe ni Malaba, Amukura au kule ndani ambako barabara ilikuwa njia ya ng'ombe tu. Ilipopita, wanaume walivua kofia, na waendesha baiskeli waliovusha abiria mpakani walishuka wakasimama kando. Fundi alipozeeka na macho kumfifia, aliiuza kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyeitaka ila dada yangu.

Dada alikuwa mwuza samaki. Aliwatoa Osieko na Port Victoria, akawapeleka soko la Adungosi, na basi lilikuwa likimtesa. Makondakta hawakutaka harufu, na siku basi lilipokwama njiani samaki waliozea juu ya keria. Aliuza cherehani yake ili aipate ile pikapu. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa dereva wa malori ya Uganda, lakini wakati ule mpaka ulikuwa haueleweki, leo uko wazi, kesho umefungwa, na mwenye lori alichoka akaliegesha. Chakula cha nyumba ile kilikuwa mikononi mwa dada. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: nani angekula samaki walioshuka kutoka gari la maiti?

"Hawatajua," shemeji alisema. "Tutaibadilisha mpaka fundi mwenyewe aiamkie kama mgeni."

Gereji yetu ilikuwa banda la mabati lililoegemezwa ukuta wa jiko. Juu kulikuwa na boriti ya mkaratusi yenye mnyororo wa kunyanyulia injini, na chini udongo ulikuwa umenywa oili mpaka ukawa mweusi na laini kama ngozi. Kila nikisikia harufu ya oili ikichanganyika na moshi wa kuni, hata leo, niwe Voi au Kitale au popote miguu iliponifikisha, narudi chini ya banda lile.

Nami nilikuwa na yangu pale. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikafanya kazi kidogo kwa wakala mmoja wa mizigo Malaba, nikaiacha. Nisingeweza kukaa dirishani nikitazama malori yakienda Kigali na Bukavu huku mimi nakunywa chai. Nilinunua pikipiki kuukuu ya Kiingereza kutoka kwa bwana shamba aliyestaafu, ya silinda moja, yenye kiki iliyorudisha teke kama punda. Nilitaka kuifanyia tangi kubwa, keria ya chuma na usukani mpana, kisha niende. Nikiulizwa wapi, nilijibu Juba, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika huko hata aniulize maswali.

Basi tukazifanya zote mbili, ubavu kwa ubavu. Tulipiga msasa ile rangi nyeusi mpaka vidole vikapoteza alama. Tulikata nyuma ya pikapu, tukaweka sanduku la mbao lenye kuta mbili, na katikati ya kuta tukashindilia vumbi la mbao ili ubaridi wa nyasi mbichi usitoroke. Taa za mbele tulizihamisha, grili tukaitengeneza upya kwa nondo nyembamba. Rangi tuliinunua kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka karibu na msikiti, ambaye alituuliza gari ni la harusi au la siasa.

"Ni la samaki, mzee," nilimwambia.

"Samaki na rangi nyekundu hivi! Basi hata paka wa Tororo watavuka mpaka."

Hatukuwa na mashine ya kupulizia. Tuliazima kwa jirani pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, tukaiosha, tukaijaza rangi. Ilitema vizuri mlangoni, ikatema vibaya kwenye boneti, na sehemu moja ikatiririka kama uji. Shemeji alisimama mbali, akainamisha kichwa, akasema hivyo ndivyo magari ya Ulaya yalivyo. Tulicheka mpaka dada akatoka jikoni kuona nani ameumia.

Siku ya soko tulifika Adungosi na ngege waliovuliwa jioni iliyotangulia, wenye macho bado maangavu, na kamongo wawili wakubwa. Wanawake walitukimbilia na mabeseni yao. Waliisifu pikapu, wakapapasa rangi, wakamwita dada tajiri. Alikuwa amekwisha kuuza beseni la kwanza pale jua lilipoanza kuchoma samaki, naye shemeji akawasha injini ili asogeze gari kivulini.

Mama mmoja mzee alikuwa ameshika ngege mkononi. Alimrudisha sandukuni polepole.

"Kijana, zima hiyo gari."

Shemeji akazima.

"Washa tena."

Akawasha. Ile injini ilikuwa na mngurumo wa chini, wa kukohoa kidogo kila baada ya pumzi, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Tulikuwa tumeuzoea gerejini mpaka hatukuusikia tena.

"Ndiyo hii," mama alisema. "Hii ndiyo ilileta mzee wangu."

"Wacha wewe! Ile ilikuwa nyeusi," mwenzake akamwambia.

"Rangi hata mimi najipaka. Koo ni ile ile."

Dada alijaribu. "Mama, hebu nusa. Samaki ni wa jana jioni."

"Sijasema samaki ni mbaya, mama. Nauliza amepanda na nani."

Hakuna aliyemtukana dada. Walirudisha tu samaki mmoja mmoja, kwa adabu, na mmoja akaomba maji akanawa mikono. Tulirudi Busia na sanduku limejaa. Dada alikesha na moshi akiwakausha aliowaweza.

Shemeji hakukubali kushindwa. Kama ni sauti, alisema, tubadilishe sauti. Alitoa eksozi ya pikipiki yangu, akaitoboatoboa ndani, akaichomelea kwenye bomba la pikapu. Pikapu ikaanza kutoa mlio mwembamba wa kukatikakatika, kama mbuzi mwenye mafua. Kijana wa baiskeli aliyekuwa akipita na abiria wake alisimama langoni kutushangaa.

"Boss, hiyo gari imemeza pikipiki?"

"Pita na njia yako!" shemeji akamfokea, lakini alikuwa akitabasamu. Pikipiki yangu nayo, bila eksozi, ilinguruma hadi kuku wa jirani wakaacha kutaga.

Asubuhi ya soko lililofuata, samaki wakiwa tayari sandukuni, alikuja mtu akiwa amepanda baiskeli ya kukodi. Alikuwa mtu wa makamo, suruali imepakwa tope hadi magotini, na kofia ameishika mkononi kabla hata hajaingia.

"Hodi. Natafuta gari ya fundi wa majeneza."

"Haiko hapa," shemeji alisema, akiwa ameegemea mlango wake.

Yule mtu aliitazama pikapu nyekundu. Hakubishana.

"Fundi amenielekeza hapa. Mama yangu amefariki hospitali. Kwetu ni ndani sana, mbele ya Amukura. Wenye gari zingine wakisikia hiyo barabara wanakataa. Hii inaijua. Ndiyo ilileta baba."

Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kanga imefungwa tayari kwa safari. Nilimwona akitazama sanduku, kisha kofia ya yule mtu.

"Kaburi limechimbwa?" aliuliza.

"Wanachimba, mama."

"Shusha samaki," alimwambia mumewe.

"Leo ni soko."

"Nani amekuambia sijui kuwa ni soko? Shusha."

Tulifungua bolti za sanduku, tukaliteremsha chini ya banda, tukafagia magamba na kumwaga maji. Dada alitandika kanga yake nyingine pale nyuma. Pikapu ikatoka langoni ikilia kama mbuzi, na barabarani watu wachache waliigeukia wakicheka, mpaka walipoona aliyeketi nyuma, kofia mikononi. Hapo nao wakavua zao.

Walibaki samaki, na jua lilikuwa likipanda.

"Hiyo yako inaweza kufika Juba," dada aliniambia. "Adungosi haiwezi?"

Tulifunga makapu mawili ya matete ubavuni mwa pikipiki, gunia moja juu ya keria, tukafunika kwa nyasi mbichi. Niliingia sokoni na ngurumo iliyowafanya wenye mbuzi kushika kamba. Wanawake walinizunguka. Yule mama mzee alichungulia makapu, akazunguka pikipiki nzima.

"Na ile gari iko wapi?"

"Imeenda kuzika, mama."

"Kuzika nani?"

Nikamweleza. Aliijua ile familia. Alitikisa kichwa kwa muda, halafu akaanza kuchagua ngege, akibonyeza matumbo yao kwa kidole gumba.

"Hii haijabeba mtu aliyelala?"

"Imebeba bwana shamba peke yake."

"Huyo alikuwa anatembea, ingawa polepole," alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Samaki waliisha kabla ya jua kufika kichwani.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuficha kitu. Pikapu ilirudi kwenye kazi yake ikiwa na wekundu wake, na waombolezaji hawakuuliza rangi. Shemeji ndiye alikuwa dereva. Sanduku tulilikata nusu, tukaliundia fremu na gurudumu moja kutoka pikipiki mbovu ya Malaba, likawa kigari cha ubavuni mwa pikipiki yangu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote tulizofanya chini ya lile banda. Kila wiki nilishuka ziwani, nikapanda Adungosi, na dada aliketi nyuma yangu akihesabu samaki kwa sauti ili nisisinzie.

"Utaenda lini Juba?" aliniuliza siku moja njiani.

"Baada ya soko lijalo."

"Ulisema hivyo juzi."

Nilikuwa nikimwogopea yeye, si safari: nani angempelekea samaki sokoni? Tuliporudi nyumbani aliniambia nimfundishe kuendesha pikipiki. Shemeji alidhani ni mzaha. Tulikwenda uwanja wa mpira, akakunja kanga, akavaa suruali kuukuu ya mumewe, akapiga kiki mara nyingi ikimrudishia teke, akiitukana kwa Kisamia. Ilipowaka alikwenda moja kwa moja hadi golini, kwa sababu kukata kona alikuwa hajajifunza. Sokoni wanawake walimpigia makofi na kumwuliza kama ameandikwa uaskari. Aliwajibu kuwa askari hana samaki.

Asubuhi niliyoondoka, nilitembea naye hadi barabarani, mkoba wangu begani. Nilikuwa nimepata lori Malaba, nami nilikuwa nakwenda kokote anakokwenda dereva. Dada alikuwa tayari ameiwasha pikipiki yangu, ambayo sasa nilimwachia. Nilianza kumwambia aangalie waya wa klachi, kwamba unakwama kukiwa na mvua. Akaniambia anaujua, samaki wanapata joto, akaingiza gia.