Walioungua Uji
Tunu binti Abbasi hakuwa mtu wa kusahau, wala simlaumu. Mwaka sabini na sita alijifungua mtoto wa kiume huko Kasulu, kwa mumewe Gharibu, ambaye pia ni mtoto wa shangazi yake. Siku ya pili kila alipomshika mtoto, ngozi ilitoka malengelenge na kubanduka mkononi. Shangazi Mwamvua, mkwe wake sasa, alipiga yowe mpaka majirani wakajaa uani. "Kamuunguza na uji!" Kabla ya juma kwisha Tunu alipewa talaka, akarudi kwao Kibondo na kichanga kimeviringishwa kanga laini.

Hospitali ya Kibondo, Daktari Pasikali alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Akauliza kama kwao amewahi kuzaliwa mwingine wa namna hiyo.

"Hapana. Ila shangazi alifiwa na wawili. Waliungua uji."

"Wakiwa na umri gani?"

"Mmoja siku tatu, mwingine tano."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, mtoto wa siku tatu anakunywa uji?"

Ukoo mzima ulikuwa umelisema neno hilo miaka na miaka, na hakuna aliyeuliza.

Daktari akamweleza taratibu. Ni ugonjwa wa kurithi: ngozi ya juu haishikani na ya chini. Mtu anaweza kubeba asili yake maisha yote bila kuumwa wala kujijua. Mume na mke wakiwa nayo wote wawili, mtoto akarithi ya baba na ya mama, ndipo huumwa. Ndugu wakioana, hatari huzidi.

"Kwa hiyo nami ninayo?"

"Unayo."

Mtoto alifariki siku ya tisa. Tunu alilia, kisha akanyamaza, na moyoni akaweka nia moja tu: Mwamvua aumbuke mbele za watu kama alivyomuumbua yeye.

Nafasi ilikuja miezi minane baadaye. Gharibu alikuwa anamposa Asia, binamu mwingine. Tunu akapanda lori la mihogo hadi Kasulu, akaingia uani kwa Mwamvua, wanawake wamejaa mkekani.

"Shangazi, wale wanao wawili waliungua uji wakiwa na siku ngapi?"

Mwamvua akatweta. "Mchawi wewe! Toka!"

"Siku tatu na siku tano. Uji gani huo? Ugonjwa umo katika damu yetu. Gharibu anao, wewe unao, na mimi ninao. Asia naye huenda anao."

Mama yake Asia hakusubiri zaidi. Akasimama, akamshika bintiye mkono, wakaondoka, na wageni wakawafuata wakinong'ona. Mwamvua akabaki mkekani amejifunika uso. Tunu alimtazama mpaka akaridhika, na aliridhika sana.

Kibondo mama yake alikuwa amekwisha kupata habari. "Umejitangaza na wewe, mwanangu. Nani atakuja kukuoa?"

"Hakuna," Tunu akasema, akavua viatu. "Wala Gharibu hapati."